Picha imekata bandani? Kabla hujaita fundi wa dishi, soma hapa kwanza

Somo la leo ni la wenzangu wenye mabanda ya mpira, vibanda umiza, baa ndogo zenye TV, na yeyote ambaye hela yake ya jioni inategemea picha kuonekana ukutani. Hata kama unauza chipsi tu na umeweka TV ili wateja wakae kidogo, hili linakuhusu.

Mimi nina banda huku Igogo, Mwanza. Benchi kumi na mbili, projekta moja, spika mbili na sabufa, na pembeni jiko la chipsi na samaki wa kukaanga. Mechi za kawaida kiingilio 500, mechi kubwa 1,000. Sasa sikia kilichonikuta.

Siku ya dabi ya Kariakoo, Simba na Yanga, banda lilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ndoo. Mpira ulianza saa kumi na moja jioni. Dakika ya 20 hivi ukuta ukawa mweusi, halafu katikati yakatokea maandishi: No Signal. Sauti nayo kimya. Kijana wangu wa rimoti akazima king'amuzi akawasha. Picha ikarudi kama sekunde kumi, ikakata tena. Watu wakaanza kupiga mabati. Nikarudisha viingilio vya watu 58, na benchi mbili zilivunjwa miguu wakati wa kutoka. Chipsi zilizobaki tukala wenyewe siku mbili.

Elfu hamsini na nane imeondoka. Lakini hiyo haikuwa hasara yote, hasara nyingine nilijitafutia mwenyewe.

Kesho yake asubuhi nikaita fundi wa dishi. Nikamwambia, "TV inaandika hakuna signo." Akapanda juu ya bati, akageuza dishi, akakaza nati, akashuka. Tukawasha, picha safi kabisa. Nikamlipa 20,000 nikamshukuru. Jioni saa kumi, jua likiwa bado kali, kitu kile kile. Shemeji yangu akasema, "Shem, hicho king'amuzi kimezeeka, tafuta kingine." Nikanunua cha mkononi 79,000. Siku moja, mbili, wapi! Saa kumi jioni ikifika, ukuta mweusi.

Piga hesabu: 58,000, jumlisha 20,000, jumlisha 79,000. Ni 157,000. Na tatizo lilikuwa pale pale linanitazama.

Aliyenitoa ni mzee mmoja fundi wa redio na TV ambaye kwa kweli alikuja kula samaki. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia marahaba, nikamweleza shida yangu. Hakufungua mkoba wala kupanda popote. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, hayo maandishi ya No Signal, nani kayaandika?"

Nikamwambia yameandikwa ukutani. Akacheka. "Hapana. Ni king'amuzi kimeandika, au projekta imeandika?"

Hapo ndo somo letu linapoanzia, naomba tulia nalo.

Kwenye banda lako kuna vitu viwili vinavyoweza kukuandikia maneno. Cha kwanza ni king'amuzi. Cha pili ni skrini yenyewe, yaani TV au projekta. Vyote viwili vinatumia neno "signal" lakini kila kimoja kina maana yake. King'amuzi kikisema hakuna signo, kinamaanisha hakipati kitu kutoka kwenye dishi au antena. Projekta ikisema No Signal, inamaanisha yenyewe haipati kitu kutoka kwenye king'amuzi. Dishi hailijui na haina habari nalo. Kati ya king'amuzi na projekta kuna kitu kimoja tu, ni waya.

Kwa hiyo fundi wa dishi hakunidanganya. Mimi nilimpa maneno ya projekta, yeye akayasikia kama maneno ya king'amuzi. Asubuhi picha ilirudi kwa sababu bati lilikuwa bado la baridi, nitakueleza hilo mbele.

Kujua nani kaandika ni rahisi. Chukua rimoti ya king'amuzi, bonyeza menyu. Menyu ikitokea ukutani, basi waya uko salama, picha inapita, na shida yako iko kwenye dishi, kwenye mvua, au kifurushi kimeisha. Hapo mwite fundi wa dishi kwa amani. Lakini kama umebonyeza menyu na ukuta haujibu kitu, huku taa ya king'amuzi inawaka kawaida, weka mbali rimoti hiyo uchukue rimoti ya projekta au TV. Bonyeza menyu ya kwake. Ikitokea, skrini ni nzima, ina macho ila haina cha kuona. Hapo umeshabakiza washukiwa watatu: mahali waya unapotoka, waya wenyewe, na mahali unapoingia.

Ila kabla hujaanza kuwashuku, angalia kama skrini imechagua tundu sahihi. Usicheke. TV nyingi zina HDMI 1 na HDMI 2, na waya uko kwenye moja tu. Mtoto akibonyeza rimoti, TV inahamia kwenye tundu lisilo na kitu, inaandika No Signal vizuri kabisa. Nimewahi kuitwa kwenye baa moja Mkuyuni usiku wa saa nne kwa tatizo hilo. Nilibonyeza mara moja, nikapewa soda.

Turudi kwa mzee. Aliomba TV ndogo ya nyumbani kwangu na waya mfupi. Tukaiweka TV juu ya meza kando ya king'amuzi kile cha zamani, nilichokuwa nimekitupa chini ya kitanda. Akazima vyote ukutani, akachomeka waya wa mita moja na nusu, akawasha. Picha safi. Tukakaa nayo saa nzima tukila, haikutikisika. Akasema, "King'amuzi chako kizima. Ulichonunua rudisha ukiweza." (Sikuweza. Aliyeniuzia hapokei simu.)

Akahamia upande wa pili. Akakishusha king'amuzi kilipo kabatini nyuma ya banda, akakibeba mpaka kwenye projekta, akatumia waya ule ule mfupi. Picha safi. Kwa hiyo projekta nzima. Akabakiza mmoja: waya mrefu uliopita darini.

Ona alivyofanya. Alibadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, akaangalia, ndipo akahamia kingine. Sisi tukipaniki tunabadilisha vitu vitatu kwa pamoja, picha ikirudi hatujui kipi kilichotibu, na ikikata tena tunaanza upya.

Sasa huo waya wangu. Kutoka kwenye kabati la king'amuzi mpaka kwenye projekta ni mita kama 14. Aliyenifungia mwanzo hakupata waya wa mita 15, akachukua wa mita 10 na wa mita 5 akaunganisha katikati na kile kidude cha matundu mawili. Kiunganishi hicho kilikuwa kimekaa juu ya boriti, chini kabisa ya bati. Mchana bati la Mwanza unalijua, usiku unyevu wa ziwa. Tulipokishusha kilikuwa na ukungu wa kijani ndani na buibui mmoja aliyejenga. Jua likipiga, plastiki inatanuka, pini zinaachia kidogo, projekta inaona giza. Usiku na asubuhi bati likipoa, vinagusana tena. Ndiyo maana fundi wa dishi wa asubuhi alionekana ameponya.

Tulipoitoa hiyo njia nzima na kuweka waya mmoja wa mita 15, ule mnene, niliolipia 45,000, tatizo likaisha.

Ngoja nikueleze kidogo huo waya unafanyaje kazi, kwa sababu ukielewa hutadanganywa dukani.

Wale wa zamani mnakumbuka enzi za antena na deki. Signo ikiwa mbovu, TV inaonyesha chenga. Chenga zikizidi unapiga TV kofi la mgongoni, maisha yanaendelea. Hata mechi ya chenga watu waliangalia. Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia, kwa kuanzia Dar es Salaam mwishoni mwa Desemba 2012, tukaingia kwenye ving'amuzi, na mabanda mengi taratibu yakahamia kwenye waya wa HDMI. Huu una tabia nyingine. Unabeba picha kama namba. Namba zikifika, picha ni safi mia kwa mia, hata kama waya uko karibu kufa. Zikianza kupotea nyingi, picha inakata yote. Katikati hapo kuna nafasi ndogo sana.

Ndogo, lakini ipo, na mimi niliiona nikaipuuza. Wiki mbili kabla ya dabi, ukutani kulikuwa na vidoti vyeupe vinametameta, hasa kwenye sehemu nyeusi za picha. Vijana wakasema projekta inachoka. Halafu siku moja picha ikapotea sekunde mbili ikarudi yenyewe, na sauti ikakata pamoja nayo. Hizo ndizo dalili za HDMI inayokaribia kuzimika. Ukiona vidoti vinavyometa, au ukuta unakuwa mweusi sekunde chache kisha unarudi, usisubiri mechi kubwa. Picha kuganda na kukatika vipande vipande vya mraba ni kitu kingine, hiyo mara nyingi ni dishi au mvua, maana king'amuzi chenyewe kimepokea picha mbovu.

Ndani ya kichwa cha waya wa HDMI kuna pini 19. Nyingi zinabeba picha na sauti. Lakini kuna nyingine kazi yake ni mazungumzo tu. Ukiwasha, projekta inakiambia king'amuzi, "mimi naweza kuonyesha picha za ukubwa huu na huu." King'amuzi kinajibu, na vinakubaliana pia juu ya ulinzi wa picha, ule mfumo unaoitwa HDCP unaozuia watu kurekodi. Maelewano hayo yasipokamilika, unaweza kupata ukuta mweusi, au rangi za ajabu za kijani na pinki, hata kama waya ni mzima kabisa. Dawa yake ya kwanza haina gharama: zima vyote kwenye soketi, chomoa waya pande zote mbili, chomeka vizuri, washa skrini kwanza, isubiri ikae sawa, ndipo uwashe king'amuzi. Vitaanza mazungumzo upya.

Hilo la ulinzi linawagusa zaidi wanaotumia splita, yaani kile kiboksi cha kugawa picha moja kwenye TV mbili. Splita rahisi inaweza kushindwa kupitisha makubaliano hayo, ukapata TV moja inaonyesha na nyingine nyeusi, au zote nyeusi. Jaribu bila splita kwanza. Picha ikija, umempata. Angalia pia kama splita ina chaji yake na imechomekwa, kwa sababu watu huifunga bila umeme halafu wanalaumu TV. Na kama TV moja ni ndogo ya zamani na nyingine mpya kubwa, mara nyingi splita inashusha picha ifuate uwezo wa ile ndogo. Si ubovu. (Mambo ya vibali vya kuonyesha na kifurushi cha nyumbani dhidi ya cha biashara ni somo jingine, na ni zito. Ulizia mapema kabla hujaulizwa wewe.)

Sasa nikupe mbinu ambayo ningeijua siku ile, ningeokoa angalau kipindi cha pili.

Mechi inaendelea, waya mrefu unakatakata, duka liko mbali. Picha ikirudi kwa zile sekunde chache, au ukitumia TV ndogo kuona menyu, ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi, tafuta sehemu ya ukubwa wa picha. Kama iko 1080p, ishushe iwe 1080i au 720p. Picha ya 1080p inapitisha kwenye waya mzigo mara mbili ya 720p. Ukipunguza mzigo nusu, waya uliokuwa unashindwa unaweza kutulia ukamaliza mechi. Kwa mtu aliyekaa benchi la nyuma kwenye banda, tofauti ya picha haioni. Mimi sasa hivi nimeiacha kwenye 720p moja kwa moja, na hakuna mteja aliyewahi kuniuliza.

Ikishindikana, kama king'amuzi na skrini yako bado vina matundu yake, rudi kwenye waya wa AV, ule wa vichwa vitatu: njano picha, nyeupe na nyekundu sauti. Picha yake ni hafifu na mistari ya jezi utaitafuta, lakini watu hawaondoki. Kuna mtego hapa. Ving'amuzi vingi vidogo havina matundu matatu, vina tundu moja jembamba kama la hedifoni. Waya wa tundu hilo haujapangwa sawa kwa kila mtengenezaji. Ukichomeka ukapata sauti ya kuunguruma na picha hakuna, usiutupe. Chukua kichwa chekundu ukiweke kwenye tundu la njano uone. Mara nyingi picha ilikuwa imejificha humo.

Kuna jirani yangu hapa, picha yake ilikuwa inakata kwa mafungu: inakata, inarudi, inakata, inarudi, halafu saa nzima shwari. Alibadilisha waya mara mbili. Siku moja tumekaa naye nje nikasikia mashine ya kuchomelea mageti fremu ya tatu ikianza, na ndani watu wakapiga kelele. Fundi geti akigusa chuma, picha inapotea. Waya wa HDMI wa jirani ulikuwa umefungwa pamoja na waya wa umeme kwa tepu, mita kumi nzima, ili ipendeze. Tulipoutenganisha ukapita ukuta wa pili, kelele zikapungua sana, zilizobaki zikaisha aliponunua waya wenye ganda la kinga zuri. Kwa hiyo usifunge waya wa picha na wa umeme kama mapacha. Vikikutana, vikutane kwa kukatizana tu.

Halafu hili la kuchomeka na kuchomoa wakati umeme unawaka. Tunafanya wote. Mabanda yetu mengi soketi hazina waya wa ardhi unaofanya kazi, tumevuta ekstensheni juu ya ekstensheni. Umewahi kugusa chuma cha kichwa cha HDMI ukahisi kama sisimizi wanakutembea kidoleni? Huo ni umeme unaovuja kidogo kutoka kwenye chaji. Mwili wako unaona ni sisimizi, lakini ule mtambo mdogo ndani ya tundu la HDMI unaweza kuungua kwa cheche hiyo moja. Tundu likiungua, waya hata wa dhahabu hautasaidia. Nimeshaona TV ya inchi 43 iliyokufa HDMI 1 kwa namna hiyo. Bahati nzuri HDMI 2 ilibaki. Kwa hiyo zima soketi, chomeka, kisha washa. Sekunde tano.

Radi nayo, sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria hatuhitaji kuambiwa. Usiku mmoja wa mvua unatosha. Watu wanachomoa TV kwenye umeme wanadhani wamemaliza, wanasahau waya wa dishi. Radi ikipiga karibu, inaweza kushuka na waya wa dishi, ikaingia king'amuzi, ikapita kwenye HDMI, ikamaliza na projekta. Kile kifaa cha kulinda umeme ulichonunua kinalinda njia ya soketi tu. Ukifunga banda usiku na ziwa linawaka upande wa Ukerewe, chomoa na waya wa dishi.

Kuhusu kununua. Hapa ndo tunapigwa.

Usinunue kwa maandishi ya kwenye boksi. Utaona 4K, 8K, namba kubwa kubwa kwenye waya wa 4,000. Karatasi inakubali kuandikwa chochote. Pima urefu wa banda lako kwa kamba kwanza, ukifuata njia waya utakayopita, si hewani. Ongeza mita moja. Ukiwa chini ya mita 5, waya wa kawaida wa heshima unatosha kwa mpira. Ukifika mita 10, tafuta mnene, na usikubali kuunganisha vipande. Ukipita 15, waya wa kawaida unaanza kuwa bahati nasibu. Hapo kuna njia tatu: waya wenye chipu ndani ya kichwa, waya wa nyuzi za kioo, au viboksi viwili vinavyotumia waya wa mtandao wa kompyuta, kimoja huku na kingine kule. Viboksi vinahitaji chaji, kwa hiyo hesabu na soketi. Waya wa nyuzi za kioo unafika mbali sana lakini ukiukunja kwa nguvu umeuvunja.

Na hizi nyaya za chipu na za kioo zina upande! Kichwa kimoja kimeandikwa Source, hicho kinakaa kwenye king'amuzi. Kingine kimeandikwa Display, kinakaa kwenye TV au projekta. Ukigeuza, hupati kitu, hata kivuli. Mwenzetu mmoja wa Nansio, Ukerewe, alinipigia akiwa amekata tamaa, alikuwa anajiandaa kupanda meli kuja Mwanza kurudisha waya mpya aliyeununua kwa hela nyingi. Nikamwuliza, kichwa kilichopo kwenye king'amuzi kimeandikwaje? Kimya. Akaniambia subiri dada. Nikasikia kelele za watu kule nyuma. Nauli yake ikabaki mfukoni.

Ukiwa dukani, mwombe muuzaji akujaribishie na picha inayotembea, angalau dakika tano, na utikise kichwa cha waya taratibu wakati picha iko hewani. Ikikata kwa mtikiso mdogo, mrudishie. Muuzaji anayekataa kujaribu, kuna mwingine fremu ya pili. Na risiti chukua, hata kama ni ya kuandika kwa mkono.

Kwenye kufunga: usiuache waya mzito uning'inie kwenye tundu la projekta, uzito wake unalegeza tundu kila siku kidogo kidogo. Funga kamba ndogo kwenye boriti karibu na projekta, kamba ibebe uzito, kichwa kikae kimelegea. Kona usizikunje kali, zizungushe kama mpini wa kikombe. Panya wanapenda nyaya hizi kuliko mahindi, kwa hiyo pitisha ndani ya bomba la plastiki la umeme, ni hela ndogo. Bomba hilo lishushe kutoka kwenye bati angalau shibiri mbili ili lisipikwe. Na wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi, taa ya projekta inawaita. Tundu ambalo hutumii lizibe kwa kipande cha tepu, nimeshachokonoa mabawa humo kwa kijiti cha meno.

Sasa siku ya mechi kubwa mimi nafanya hivi. Saa nane mchana, jua likiwa kali, nawasha kila kitu na kuacha kionyeshe chochote mpaka saa kumi. Nachagua mchana makusudi, kwa sababu ubovu wangu ulikuwa wa joto. Wewe kama ubovu wako unakuja usiku, jaribu usiku. Kijana wangu anakaa benchi la mbele dakika kumi akitazama sehemu nyeusi za picha kama kuna vidoti.

Kabatini nina boksi la biskuti. Ndani kuna waya wa HDMI wa mita moja na nusu ambao nimeujaribu mwenyewe, waya wa AV, betri mbili za rimoti, tochi na tepu. Ile TV ndogo nayo naisogeza bandani siku hizo. Vyote hivyo, ukitoa TV, havikufika 15,000. Waya mfupi nimeufunga plasta nikaandika tarehe niliyoujaribu mara ya mwisho, na kijana anajua kwamba huo hauazimwi mtu, hata shemeji.

Boksi nimelifungua mara mbili mpaka sasa. Mara ya kwanza ilikuwa kifurushi kimeisha, menyu ilitokea nikajua dakika hiyo hiyo, nikalipia kwa simu. Mara ya pili king'amuzi chenyewe kilikufa kweli, taa haikuwaka kabisa. Nikavuta kile cha 79,000 kutoka chini ya kitanda.